Je, Bruno Bado Anatengenezwa?

Viwanda vya bunduki havitangazi misiba. Modeli ya bunduki ya kuwindia haiagwi kwa hotuba wala keki. Mwaka huu ipo kwenye katalogi, mwaka unaofuata ukurasa wake haupo, na ukimuuliza muuzaji anakujibu: subiri kidogo, kiwanda kinajipanga upya. Kati ya ukurasa kupotea na mtu mwenye cheo kutamka neno "basi", kuna kipindi kirefu ambacho kila mtu anaruhusiwa kuamini anachotaka. Familia yetu ya Pugu iliishi ndani ya kipindi hicho karibu mwaka mzima. Nataka kueleza ilikuwaje mambo yaliyokuwa yakiamuliwa kwenye ofisi za Jamhuri ya Czech yakatufanya sisi tukae kwenye mkeka mmoja bila kutazamana.

Baba alifariki mwishoni mwa 2020. Alikuwa Mrufiji, na ujana wake wote alikuwa askari wa wanyamapori, enzi ambazo ukitaka kwenda makao makuu ya idara yao ulimwambia konda "Ivory Room", pale Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Pori la Selous alilitembea kwa miguu. Alipostaafu alijenga Pugu, upande unaotazama msitu wa Kazimzumbwi, eti kwa sababu hawezi kulala mahali ambapo hasikii miti. Shamba alibaki nalo kwao Rufiji. Alimwacha mama, na sisi watoto watano: wa kiume wawili, wa kike watatu.

Sheikh alipiga hesabu ya mirathi kwenye daftari la shule, ikatoka safi mpaka akacheka mwenyewe. Mama thumuni. Sisi wa kike thumuni thumuni. Kaka zetu thumuni mbili mbili. Jumla nane juu ya nane, hakuna kilichobaki. Nyumba ikaingia kwenye hesabu, shamba likaingia, hata mabati yaliyokuwa uani yakaingia. Kitu kimoja tu kiligoma: bunduki.

Bunduki haikatwi vipande vinane. Na hata ingekatika, leseni ya silaha ni ya mtu, si ya nyumba. Mwenyewe akifa, warithi hawawezi kuendelea kukaa nayo kana kwamba hakuna kilichotokea. Inapelekwa polisi, na anayeitaka anaomba upya kwa jina lake, kuanzia serikali ya mtaa au kijiji hadi kamati ya ulinzi na usalama. Baba mdogo alilijua hilo. Siku ya tatu baada ya maziko aliifunga kwenye shuka, akachukua kitabu cha leseni, akaenda nayo kituoni, ikaandikwa, ikawekwa ghalani. Kwa hiyo mwaka wote tuliokuwa tunabishana, hatukuwa tunabishana juu ya kitu kilichokuwa ndani. Tulikuwa tunabishana juu ya namba kwenye karatasi.

Ilikuwa Brno, modeli ZKK 602, ya kupigia nyati. Baba aliinunua mwaka 1993 kwa mwindaji aliyekuwa anafunga kazi na kuondoka nchini, kwa makaratasi yote ya polisi. Hakuweza kutamka Brno, na nani anaweza? Akaiita Bruno. Basi sisi, nyumba ya Waislamu watupu, tulikua na Bruno chumbani kwa wazazi, ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Mgeni akisikia "Bruno yupo?" alidhani kuna mpangaji Mkatoliki. Pugu hii ya misheni, hakushangaa.

Kaka mkubwa ndiye aliyeitaka. Yeye ndiye anayelima Rufiji, na Rufiji si mahali pa mzaha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990, na wilaya za kusini mashariki, Rufiji ikiwemo, ndizo zilizoumia zaidi. Kuna simba mmoja kule aliyeua watu zaidi ya 30 kati ya 2002 na 2004 mpaka wanakijiji wakampa jina la Osama. Siku hizi simba wamepungua masikioni mwetu, lakini tembo na viboko wako palepale, na mahindi yako palepale. Kaka alisema: "Mimi sitaki urembo wa ukutani. Nataka nilale shambani nikiwa na kitu."

Mama hakutaka hata kusikia. "Nimelala na hicho kitu chumba kimoja miaka ishirini na saba," alisema. "Sasa nataka kulala."

Katikati yao ulikuwepo ukucha. Naomba msomaji univumilie kidogo hapa, kwa sababu bila ukucha hadithi hii haieleweki. Bunduki ya aina hii unaivuta kwa mkono kila baada ya risasi moja: unarudisha bolti nyuma, ganda linatoka, unasukuma mbele, risasi mpya inaingia. Kwenye Bruno, pembeni ya bolti kuna kipande kirefu cha chuma kama ukucha wa mwewe. Risasi ikitoka tu kwenye magazini, ukucha unaishika kitako na hauiachi mpaka iingie kwenye mtutu, na baada ya kupigwa ni ukucha huohuo unaoling'oa ganda. Ufundi huu ni wa Mjerumani Mauser, modeli ya 1898, na wawindaji wa wanyama hatari wameung'ang'ania kwa sababu unafanya kazi hata bunduki ikiwa imeinama, hata mkono ukitetemeka. Wa Bruno ulikuwa umemeguka ncha. Fundi mwenye kibali aliyeitazama kabla baba hajafa alisema chuma cha kuchonga hapa mjini hakifai, atafutiwe kipande cha kiwandani. Akaongeza sentensi iliyotusumbua mwaka mzima: "Kwanza niangalizieni kama hii kitu bado inatengenezwa."

Kikao kikaamua swali hilo ndilo liamue. Kama bado inatengenezwa, vipuri vipo, kaka aombe leseni. Kama imekwisha, iende moja kwa moja serikalini. Kazi ya kuuliza nikapewa mimi, kwa hoja kwamba mimi ndiye ninayesoma Kiingereza mpaka usiku wa manane bila kulipwa.

Nikaanza kusoma. Zbrojovka Brno ilianzishwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale Czechoslovakia ilipozaliwa na nchi changa ikataka bunduki zake yenyewe. Walitengeneza bunduki za mtindo wa Mauser, wakauza dunia nzima. Bunduki yao nyepesi ya rashasha iliwavutia Waingereza, wakainunua ramani yake wakaiita Bren, yaani herufi mbili za Brno na mbili za Enfield, na babu zetu wa Keya waliibeba kwenye Vita Kuu ya Pili. Wapenzi wa vitabu mtafurahi kusikia kwamba kiwanda hichohicho kilitengeneza pia mashine za kupiga chapa, kwa leseni ya Remington. Na Remington nao, wa kule Ilion, jimbo la New York, walikuwa watu wa bunduki kabla hawajaanza kutengeneza mashine za kupiga chapa mwaka 1873. Inaelekea aliyeweza kuchonga kifyatuo aliweza kuchonga herufi.

Modeli ya baba ilitoka miaka ya 1960, ikitengenezwa mji mdogo wa Uherský Brod, ambako kiwanda cha Česká zbrojovka kilijengwa mwaka 1936, makusudi mbali na mpaka wa Ujerumani. Baadaye Ukomunisti ukaanguka, viwanda vikabinafsishwa, na mwaka 1993, mwaka ambao baba anaweka sahihi kituoni, nchi yenyewe ikagawanyika mbili. Zbrojovka ya Brno ilifilisika mwaka 2003. Lakini Uherský Brod waliendelea, na mwana wa 602 alikuwa anaitwa CZ 550 Magnum. Ukucha uleule, mwili uleule mrefu wa kubebea risasi kubwa za nyati. Kwa hiyo swali letu likawa hili: je, 550 Magnum ipo?

Kuuliza swali hili mwaka 2021 ilikuwa kama kumuuliza mtu habari za afya wakati anahamisha nyumba. Oktoba 2020 kampuni mama ilikuwa imeingia soko la hisa la Prague. Februari 2021 wakatangaza kuinunua Colt ya Marekani, ile Colt ya sinema za makauboi, ambayo yenyewe ilikuwa imeomba ulinzi wa ufilisi mwaka 2015. Dola milioni 220 taslimu, na hisa juu. Mwezi Mei biashara ikakamilika, na mwaka uliofuata jina la kundi zima likawa Colt CZ. Katika taarifa zote nilizosoma, kurasa kwa kurasa, yalizungumzwa majeshi, polisi, masoko, uwezo wa uzalishaji. Bunduki ya kupigia nyati haikutajwa. Ndugu zake wadogo wa 550 walikuwa wameshapisha modeli ya 557 miaka ya nyuma, Magnum ikabaki kama mzee aliyeachwa kijijini. Muuzaji mmoja anasema imesimama. Mwingine anasema inakuja. Wa tatu anasema anazo mbili, ziwahi.

Si wao peke yao. Mwaka 2020 Remington yenyewe, baada ya kuomba ulinzi wa ufilisi mara mbili ndani ya miaka mitatu, ilikatwa vipande mahakamani ikauzwa kwa wanunuzi saba, risasi kwa huyu, bunduki kwa yule. Jina la Marlin lilikwenda kwa Ruger, na wenye bunduki za Marlin wakakaa wanangoja kujua ni modeli gani zitafufuliwa na zipi zitazikwa. Mwaka 2006 ilikuwa zamu ya Winchester: kiwanda cha New Haven kikafungwa, Modeli 70 ikakaa kimya, halafu baada ya miaka kama miwili ikarudi ikitengenezwa Carolina Kusini. Mfano huu wa Winchester ulimpa kaka nguvu sana. "Unaona? Zinafufuka."

Nilielewa pia kwa nini kampuni hazisemi. Zikitangaza kwamba modeli imekwisha, zile zilizobaki ghalani zinashuka thamani au zinagombaniwa, mafundi wanahama, na mteja anaenda kwa jirani. Zikisema itaendelea, zinajifunga mbele ya wenye hisa wapya wanaotaka kupunguza aina za bidhaa, kwa sababu modeli inayouzwa mia chache kwa mwaka inakula mashine na mafundi sawa na inayouzwa maelfu. Ukimya ni rahisi kuliko yote mawili. Anayeulipa ukimya huo ni mtu aliye mbali, mwenye bunduki moja na ukucha uliomeguka.

Nilipokuwa nangoja jibu nikagundua kitu kilichonivuruga kidogo: kwetu huku, kiwanda hakijawahi kuwa na kauli ya mwisho. Tazama mwaka 1914. Vita inaanza, na makampuni mengi ya askari wa Kijerumani hapa nchini bado yanabeba Mauser modeli ya 1871, bunduki ambayo Ulaya ilikuwa imeshaachwa. Inatoa moshi mweusi mzito, ukipiga tu adui anajua ulipo. Mpaka Aprili 1915 meli ya Rubens ilipopenya kizuizi cha Waingereza ikaingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na kuacha shehena ya bunduki mpya, risasi zikiwa zimelowa maji ya chumvi zikabidi zifunguliwe na kukaushwa. Modeli iliyostaafu Berlin iliendelea na kazi huku. Ndivyo walivyotugawia pia kwa mkataba: Brussels mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe sehemu kubwa ya Afrika, na Mwafrika aachiwe za kushindilia baruti mdomoni. Gobore tunalolijua vijijini limetoka huko. Viwanda vya Ulaya vimeshalisahau zamani, lakini hapa bado lina mwenyewe, na hata leseni lilipewa.

Hata Pugu yetu ina sura yake katika kitabu hicho. Januari 1889 misheni ya Wabenediktini ilishambuliwa hapa, katika vita ya Abushiri. Watoto wa shule wanafundishwa kwamba Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, na ni sawa, lakini udongo huu mweupe ulishasikia bunduki kabla haujasikia chaki.

Hapo ndipo vitabu viliponiingia kichwani. Hemingway aliwinda Tanganyika kati ya 1933 na 1934, na kitabu chake cha safari hiyo, *Green Hills of Africa*, kilitoka 1935. Mwaka uliofuata akatoa hadithi ya Francis Macomber. Ukizisoma kazi hizi utakuta bunduki zinatajwa kwa majina na vipimo kama watu kwenye harusi: Springfield ya huyu, Mannlicher ya yule. Mke wa Macomber anampiga mumewe kwa Mannlicher ya milimita 6.5, na wahakiki wanabishana mpaka leo kama alikusudia. Mannlicher ya mtindo ule iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huwezi kuinunua mpya popote, lakini ndani ya hadithi bado inalia.

Sasa weka pembeni yake *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Tamthilia nzima iko chini ya kivuli cha bunduki, kama ilivyokuwa Maji Maji yenyewe, 1905 hadi 1907. Lakini hofu pale ni ya bunduki, si ya modeli. Anayepigwa risasi haulizi ukucha ni wa mwaka gani. Majina ya modeli ni lugha ya anayenunua, anayechagua, anayeweza kurudisha dukani. Baba alikuwa mtu wa katikati. Alianza kazi akibeba silaha ya serikali yenye namba tu, na alipokuja kuwa na yake mwenyewe akaipa jina la mtu. Kwa hiyo nilipokuwa napekua habari za 550 Magnum usiku, sikuwa nafanya utafiti wa vipuri peke yake. Nilikuwa naingia kwenye lugha ambayo mzee wangu aliingilia mlango wa nyuma akiwa na miaka zaidi ya arobaini, na sikutaka haraka kusoma sentensi inayosema imekwisha.

Nadhani sote tulikuwa hivyo, kila mtu kwa njia yake. Kaka akisema "tungoje taarifa ya kiwanda" alikuwa anapata mwezi mwingine wa kuwa mrithi wa baba. Dada zangu wakisema "tungoje" walikuwa wanakwepa kuchagua kati ya mama na kaka. Mama ndiye pekee aliyekuwa hangoji mtu wa Czech.

Jibu lilikuja bila kishindo. Mwaka huohuo wa 2021 kiwanda kilizindua CZ 600. Nikasoma maelezo yake mara tatu. Ni bunduki ya kisasa; ilipozinduliwa, ilielezwa kuwa unaweza kubadilisha mtutu wake nyumbani. Mtambo wake ni mwingine. Ule ukucha mrefu wa Mauser haupo. Hakuna aliyesema 550 Magnum imekufa, ila chumba chake kilikuwa kimeshapewa mtu mwingine.

Niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, nikausoma mbele ya familia mwezi wa kumi na moja. Nikaeleza na habari ya askari wa 1914 na modeli yao ya 71, kuonyesha kwamba bunduki inaweza kuishi baada ya kiwanda chake. Kaka akainyaka palepale. "Si umesema mwenyewe? Imeachwa Ulaya, huku imepigana vita nzima. Vipuri vipo Afrika Kusini, vipo Ujerumani. Kuachwa kutengenezwa si kufa."

Alikuwa na haki. Sikuwa na la kumjibu, maana hoja ilikuwa yangu.

Aliyemjibu ni baba mdogo, ambaye naye alikuwa askari wa wanyamapori. Alianza mbali. Akaeleza jinsi miaka ya 1960 Waingereza walivyoacha kutengeneza risasi za Kynoch za zile bunduki kubwa za mitutu miwili za kupigia tembo. Bunduki zenyewe zilikuwa nzima, zingine zina thamani ya nyumba, lakini zikageuka magongo kwa sababu hakuna cha kuweka ndani. "Bunduki haiuawi na kiwanda chake," alisema. "Inauawa na risasi kukosekana, au na mkono unaoijua kukosekana. Risasi za Bruno zipo, hilo halina tatizo. Mkono sasa. Mwanangu, kile kidude cha usalama cha bunduki ya baba yako unakisukuma wapi ukitaka kupiga?"

"Mbele," kaka akasema.

"Nyuma," akasema baba mdogo. "Ile ni ya zamani, inakwenda kinyume na zote ulizowahi kushika. Baba yako alikuwa anavuta nyuma akiwa usingizini. Wewe usiku, nyati huyo hapo, utasukuma mbele, na haitalia. Au italia, na ukucha hautang'oa ganda, na utabaki na rungu la laki kadhaa."

Kaka alinyamaza muda mrefu. Halafu akamgeukia mama, na alichosema sikukitegemea. "Mama, shida si bunduki. Nikiisaini hii, sina chochote alichokishika baba."

Mama alimwambia shamba lote lile baba alilishika. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwonyesha mtu kiatu chake kilipo.

Tulisaini sita, kaka wa mwisho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina kipengele cha huzuni. Karatasi ina aina ya silaha, namba, majina na tarehe. Pale penye aina, afisa aliuliza herufi. Nikamtajia: B, R, N, O. Akaandika, akaitazama, akaniuliza kama kuna herufi imesahaulika. Silaha nyingi zinazosalimishwa nchini huishia kuteketezwa, na nchi yetu ni mmoja wa waliotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inayotaka silaha zisizohitajika ziondolewe kabisa. Sikuuliza zamu ya Bruno ni lini.

Nimewahi kuulizwa na rafiki mmoja, msomaji mzuri tu, kwa nini nimeshughulika hivi na chuma cha kuulia. Namwelewa. Sina mapenzi na bunduki, na nafurahi mama analala. Lakini naona tumezoea kuandika juu ya vitu vinavyotoka viwandani kana kwamba hadithi yake inaishia dukani. Bodi fulani Prague inapanga upya bidhaa zake, na huku mtu anabadilisha namna ya kulinda mahindi. Hakuna ubaya aliokusudia yeyote kati yao, wala hawatajuana. Fasihi ina nafasi hapo katikati, na kwa Kiswahili bado hatujaitumia vya kutosha. Tumeandika sana habari za bunduki ilipoelekezwa kwetu. Habari za aliyeishika, akaitunza, akaipa jina, halafu akaiacha iwagombanishe wanawe, bado ni chache.

Kaka sasa anatumia pilipili. Anachanganya ya kusaga na oili chafu, anapaka kwenye vitambaa, anavitundika kwenye kamba kuzunguka shamba, kama wanavyofundishwa wakulima wengi wanaopakana na tembo. Inasaidia, ila mvua ikinyesha inabidi upake upya, na mvua haiombi ruhusa. Msimu uliopita tembo waliingia baada ya mvua ya usiku mmoja, wakala karibu nusu ya mahindi. Yeye alikuwa kwenye dungu, akapiga debe mpaka asubuhi.

Hakunilaumu. Alinituma picha tu, mabua yamelala chini na nyayo kubwa kama masinia, na chini yake maneno machache: "Wasalimie wale jamaa zako wa Czech."